Uhuru Ilipopaa Kutoka Ngomeni: Safari ya Riccardo Giacconi na Anga Lisiloonekana

Jumamosi ya tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilikuwa katika shamrashamra. Miaka saba ilikuwa imetimia tangu bendera ya mkoloni ishushwe na ya taifa jipya ipandishwe. Siku hiyohiyo, baharini mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, roketi ya hatua nne ilikuwa imesimama juu ya jukwaa la chuma ikingoja kuwashwa. Saa nane mchana ilipokaribia, ikawaka, ikapaa juu ya Bahari ya Hindi hadi ikapotea machoni. Kichwani ilibeba setilaiti ya kilo 140 na ushei, mzigo ambao mkokoteni wa sokoni ungeweza kuubeba.

Kwenye makaratasi ya NASA, shirika la anga la Marekani, setilaiti hiyo iliitwa SAS-1. Lakini Marjorie Townsend, mhandisi mwanamke aliyesimamia mradi huo, aliona kwamba siku kama ile, na wenyeji waliompokea yeye na wenzake kwa ukarimu, wanastahili kuenziwa. Akaipa jina la Uhuru. Leo ukifungua kitabu cha historia ya elimu ya nyota, kiwe kimeandikwa Tokyo, Moscow au California, utalikuta humo neno hilo letu.

Aliyeibuni kazi ya setilaiti hiyo alikuwa mwanafizikia wa miaka 39, mzaliwa wa Italia, Riccardo Giacconi. Miaka 32 baadaye alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Maisha yake ni maisha ya mtu aliyejua kungoja huku akifanya kazi, na tukio moja kubwa la maisha hayo lilitokea katika maji ya pwani yetu.

Mwana wa mwalimu wa hisabati

Giacconi alizaliwa Genoa tarehe 6 Oktoba 1931, akakulia Milan. Mama yake alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya sekondari, kwa hiyo nyumbani kwao maumbo ya jiometri yalizungumzwa kama watu wengine wanavyozungumza habari za shamba. Utoto wake ulipita katika vita vya pili vya dunia. Mwaka 1954 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Milan.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchunguza chembechembe zinazoanguka duniani kutoka angani kwa kasi kubwa mno, ambazo wanasayansi huziita miale ya kosmiki. Mtafiti wa miale hiyo huweka chombo chake mahali pa juu, kisha hukaa na kusubiri. Giacconi alisubiri muda mrefu, na alichokipata kilikuwa matukio machache mno ya kuandikia. Hapo alijifunza jambo aliloishi nalo hadi uzeeni: ukiona mavuno ni haba, tengeneza jembe lililo bora zaidi.

Mwaka 1956 alihamia Marekani, akapita Chuo Kikuu cha Indiana, kisha Princeton. Mwaka 1959 akaajiriwa na kampuni ndogo ya utafiti iitwayo American Science and Engineering, katika mji wa Cambridge karibu na Boston. Mwenyekiti wa bodi ya kampuni hiyo alikuwa Mwitaliano mwenzake, Bruno Rossi, profesa wa chuo cha MIT aliyeikimbia Italia mwaka 1938 wakati utawala wa Mussolini ulipowageukia Wayahudi. Rossi ndiye aliyempa kijana yule wazo: kwa nini tusitafute eksirei angani?

Kila aliyewahi kuvunjika mkono anaijua eksirei. Unalazwa, unaambiwa usitikisike, mashine inalia mara moja, na mfupa unaonekana kwenye picha huku nyama ikiwa imepitwa kama haipo. Eksirei ni nuru kama nuru nyingine, ila ina nguvu kubwa zaidi na macho yetu hayaioni. Vitu vinavyoitoa kwa wingi angani ni vile vyenye joto la mamilioni ya nyuzi. Hewa ya dunia huizuia isitufikie, na tuna kila sababu ya kushukuru, maana bila ngao hiyo viumbe wasingeishi. Lakini kwa mwenye kutaka kuiona, hakuna njia ila kupanda juu ya hewa hiyo.

Wakati huo ilijulikana kwamba jua letu hutoa eksirei kidogo. Wataalamu walipiga hesabu wakaona kwamba kama nyota nyingine zinatoa kiasi kile kile, basi kwa umbali zilipo hakuna chombo ambacho kingezigundua. Wengi wakaliacha jambo hilo. Giacconi hakuliacha.

Dakika sita za New Mexico

Yeye na wenzake walitengeneza vihesabio vya Geiger, yaani vyombo vya kuhesabu miale, vyenye uwezo mara nyingi kuliko vilivyotangulia, wakavifunga kwenye roketi. Jaribio la kwanza lilishindikana kwa sababu roketi iliharibika. La pili, Oktoba 1961, roketi iliruka vizuri lakini vijilango vilivyofunika vyombo vikakataa kufunguka. Fikiria miezi ya kazi, fedha za watu, na roketi inarudi chini bila kuona hata nukta moja. Wakaanza upya.

Usiku wa tarehe 18 Juni 1962, roketi ya tatu iliondoka White Sands, jangwani New Mexico. Ilipanda zaidi ya kilomita 200 kisha ikaanguka. Muda wote uliopatikana wa kutazama haukuzidi dakika sita. Lengo lililoandikwa kwenye maombi ya fedha lilikuwa mwezi: kuona kama miale ya jua inapougonga, nao unatoa eksirei. Mwezi mpevu ulikuwa umepita kwa siku moja tu.

Roketi ilikuwa ikijizungusha, na kila ilipogeuka vihesabio vilipita upande ule ule wa anga. Kwenye mstari wa kumbukumbu ukatokea mlima, ukarudi tena, ukarudi tena. Mlima ule haukuwa upande wa mwezi. Ulitoka kwenye kundi la nyota la Nge, mahali ambapo hapakuwa na kitu kilichojulikana kuwa cha ajabu. Chanzo hicho kiliitwa Sco X-1. Nguvu kinayoitoa kwa eksirei ni kama mara elfu ya ile kinayoitoa kwa nuru ya kawaida, wakati jua letu hufanya kinyume kabisa.

Na kulikuwa na jambo la pili. Hata vyombo vilipotazama pembe tupu za anga, hesabu haikushuka hadi sifuri. Pande zote za mbingu zilikuwa na mng'ao hafifu wa eksirei, kama ukungu. Ulitoka wapi? Swali hilo Giacconi alilibeba kwa karibu miaka 40.

Mwaka uliofuata, Septemba 1963, yeye na mwenzake Herbert Gursky walipeleka mpango wao NASA. Walitaka roketi zaidi, halafu setilaiti ya kupima anga lote, na mwishoni darubini ya eksirei yenye kioo cha mita 1.2 upana. Walitumaini darubini hiyo ingeruka mwaka 1968. Ushike mwaka huo, msomaji, tutaurudia.

Kwa nini Ngomeni?

Roketi ndogo humpa mtafiti dakika chache tu. Setilaiti humpa miezi na miaka. NASA ilipokubali kuirusha ya Giacconi, mahali palipochaguliwa hapakuwa Florida. Palikuwa Ngomeni, kwenye jukwaa la San Marco, ambalo Waitalia wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma walilisimamisha baharini katika Ghuba ya Ungwana.

Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, dunia inapojizungusha, mtu aliye karibu na mstari wa ikweta husafirishwa kwa kasi ya zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa bila kuhisi. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka hapo huanza safari tayari ikiwa na kasi hiyo, kama mtu anayeruka kutoka kwenye basi linalokwenda. Roketi ile ile hubeba mzigo mkubwa zaidi. Pili, juu ya Atlantiki ya Kusini kuna eneo ambalo chembe zenye nguvu hushuka karibu na dunia na kuvuruga vyombo vya kupima eksirei. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hulikwepa kwa sehemu kubwa. Ngomeni iko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta. Wavuvi wa pale, bila kujua, walikuwa wakitega nyavu zao katika mojawapo ya sehemu bora kabisa duniani za kwendea angani.

Kati ya mwaka 1967 na 1988, setilaiti tisa zilirushwa kutoka kwenye jukwaa hilo. Uhuru ndiyo iliyoacha jina kubwa kuliko zote.

Mapigo ya nyota

Uhuru haikuwa na kioo wala kamera. Ilikuwa na vipima eksirei viwili, kila kimoja kikitazama upande wake, na mwili wake ulijizungusha polepole kama pia iliyochoka, mzunguko mmoja kwa dakika 12. Hivyo ililifagia anga mstari kwa mstari hadi Machi 1973. Kabla yake, vyanzo vya eksirei vilivyojulikana vilikuwa makumi machache. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339.

Lakini utajiri haukuwa katika idadi. Miezi ya mwanzo ya 1971, Giacconi na vijana wake walipokuwa wakipitia takwimu za chanzo kimoja kiitwacho Cen X-3, waliona eksirei zake zikija kwa mapigo, kama moyo. Pigo moja kila sekunde 4.8. Walipoendelea kupima wakaona nafasi kati ya pigo na pigo ikirefuka kidogo, kisha ikifupika, kisha ikirefuka tena. Na kila baada ya siku mbili na saa chache, chanzo kilizimika kabisa kwa karibu nusu siku, halafu kikawaka.

Umesimama kituoni, basi linakuja likipiga honi. Linapokukaribia sauti inakuwa nyembamba, likishakupita inakuwa nzito. Ndivyo ilivyokuwa kwa mapigo yale. Kilichokuwa kikipiga kilikuwa kinazunguka kitu kingine, mara kinatujia, mara kinatukimbia, na kila mzunguko kilijificha nyuma ya mwenzake. Zilikuwa nyota mbili zilizofungamana: moja kubwa ya kawaida, nyingine nyota ya nyutroni, yaani mzoga wa nyota iliyolipuka, wenye uzito unaozidi wa jua letu uliosongamana katika tufe la upana wa kilomita 20 hivi. Nyota ndogo huinyonya gesi ya kubwa. Gesi hiyo inapoanguka huchemka hadi mamilioni ya nyuzi, na huo ndio moto wa eksirei.

Hapo wanasayansi wakaelewa kwamba kitu kinachoangukia kwenye mvuto mkali kinaweza kutoa nguvu kubwa kuliko hata ile inayowaka ndani ya jua. Chanzo kingine, Cygnus X-1, kilionyesha eksirei zinazobadilika haraka kiasi kwamba kilichokuwa kikizitoa hakina budi kuwa kidogo mno. Darubini za ardhini zilipoitafuta nyota inayozunguka nacho na kupima mwendo wake, zikakuta kitu kizito kupita uwezo wa nyota yoyote ya nyutroni. Cygnus X-1 ndiyo iliyokuja kukubalika kuwa shimo jeusi la kwanza kutambuliwa na binadamu. Njia ya kulifikia ilianzia Ngomeni.

Kioo kilichokosewa

Mwaka 1973 Giacconi alihamia Harvard. Tangu 1960, yeye na Rossi walikuwa wamependekeza namna ya kutengeneza darubini halisi ya eksirei, na ugumu wake uko hivi: eksirei ikikigonga kioo uso kwa uso, haigeuki, inazama humo humo. Lakini watoto wa pwani wanalijua jibu. Ukitupa kijiwe majini kutoka juu, kinazama. Ukikirusha kilalie, kikigusa uso wa maji kwa ubavu, kinaruka na kuruka tena. Vioo vya darubini ya eksirei hupangwa karibu sambamba na mwendo wa miale, kama mapipa yaliyoingizwa moja ndani ya jingine, ili miale iguse kwa ubavu na kukusanyika mahali pamoja. Darubini ya kwanza ya aina hiyo kwa ajili ya nyota na galaksi za mbali, iliyoitwa Einstein, iliruka Novemba 1978. Giacconi aliiongoza, na akafungua mlango kwa wanasayansi wa nje ya kundi lake kuomba muda wa kuitumia.

Mwaka 1981 akawa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya sayansi ya darubini za anga iliyoko Baltimore, iliyoundwa kuendesha sayansi ya darubini ya Hubble. Huko walitayarisha orodha ya karibu vitu milioni 19 vya angani ili Hubble iwe na alama za kujiongozea. Na ilhali Hubble yenyewe haijaruka, alimhimiza naibu wake Garth Illingworth na wenzake waanze kufikiria itakayoifuata, kwa sababu alijua vitu hivi huchukua miongo. Mkutano wa kwanza wa kuijadili ulifanyika Baltimore mwaka 1989. Darubini iliyotokana na mawazo hayo, James Webb, iliruka sikukuu ya Krismasi mwaka 2021.

Hubble iliruka tarehe 24 Aprili 1990, na baada ya wiki chache ukweli mchungu ukajulikana. Kioo chake cha mita 2.4 kilikuwa kimesuguliwa kwa umbo lisilo sahihi. Kosa la ukingoni lilikuwa kama sehemu moja kwa hamsini ya unene wa unywele, lakini lilitosha kuzitia picha ukungu. Magazeti yaliikejeli. Giacconi aliunda jopo la kutafuta tiba. Mhandisi wa taasisi yake, James Crocker, akiwa hotelini Ujerumani, alitazama bomba la mvua bafuni, namna kichwa chake kinavyopandishwa na kukunjuliwa kwenye mhimili, akapata wazo: vioo vidogo vya kusahihisha vingeweza kuingizwa ndani ya Hubble vikiwa vimekunjwa, kisha vikunjuliwe vikiwa mahali pake. Desemba 1993 wanaanga walivifunga, na Hubble ikaona vizuri.

Giacconi mwenyewe alikuwa ameshaondoka mwanzoni mwa mwaka huo, kwenda kuongoza shirika la Ulaya la uchunguzi wa anga, ESO. Huko alisimamia ujenzi wa darubini nne kubwa, kila moja na kioo cha mita 8.2, juu ya mlima Paranal nchini Chile. Kituo hicho kilipozinduliwa Machi 1999, darubini hizo zilipewa majina ya lugha ya Wamapuche, wenyeji wa nchi hiyo: Antu, Kueyen, Melipal na Yepun. Kama ilivyokuwa kwa Uhuru, lugha ya wenye ardhi iliandikwa kwenye mashine ya kutazama mbingu.

Ukungu wa 1962 wapata majibu

Turudi kwenye kioo cha mita 1.2 kilichotarajiwa mwaka 1968. Mwaka ulipita bila darubini. Mwaka 1976 Giacconi na mwenzake Harvey Tananbaum waliandika maombi mapya. Ikapita tena miaka 23. Tarehe 23 Julai 1999, chombo cha anga cha NASA, Columbia, kikiongozwa na Eileen Collins, mwanamke wa kwanza kuongoza safari ya chombo cha aina hiyo, kiliibeba darubini ya Chandra angani. Kioo chake kikubwa kina upana wa mita 1.2. Tangu mpango wa kwanza hadi siku ile ilikuwa imepita miaka 36.

Giacconi, siku ile mtu wa miaka 67, hakutosheka na kupigiwa makofi. Yeye na wenzake waliielekeza Chandra kwenye kipande kimoja kidogo cha anga la kusini na kukitazama kwa jumla ya sekunde milioni moja, ambazo ni zaidi ya siku 11. Haba na haba hujaza kibaba: mwale mmoja leo, mwingine baadaye, hadi picha ikajaa. Ule mng'ao wa pande zote uliowashangaza mwaka 1962 ukageuka kuwa nukta, zaidi ya 300 katika kipande kile tu. Nyingi kati yake ni mashimo meusi makubwa yaliyo katikati ya galaksi za mbali, yakimeza gesi. Ukungu ulikuwa umati.

Desemba 2002 alisimama Stockholm kupokea nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia, nusu nyingine wakigawana Raymond Davis na Masatoshi Koshiba. Alifariki tarehe 9 Desemba 2018 huko San Diego akiwa na miaka 87, siku tatu kabla ya kutimia miaka 48 tangu Uhuru ipae.

Mlango uko wazi

Nimeyaandika haya kwa uchungu kidogo na kwa matumaini mengi. Uchungu, kwa sababu neno letu limebeba heshima kubwa hivyo katika sayansi, na bado wanafunzi wengi wa Malindi, Mombasa, Tanga na Zanzibar humaliza shule bila kulisikia likitajwa kwa maana hiyo. Tumetoa jina, tumetoa pwani, lakini hadithi tumewaachia wengine waisimulie.

Matumaini, kwa sababu uzi haujakatika. Kituo cha Malindi kingali kinazungumza na setilaiti. Darubini ya Swift, iliyorushwa mwaka 2004 kuwinda milipuko ya mbali kabisa, hushusha taarifa zake kupitia Malindi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na setilaiti yake ndogo angani mwaka 2018, na mwaka 2023 setilaiti ya Kenya iitwayo Taifa-1 ikarushwa.

Tena, Giacconi alisaidia kujenga desturi moja ambayo ni zawadi kwa walio mbali na maabara tajiri. Taarifa za Chandra na Hubble, baada ya muda wa watafiti walioziomba kwisha, huwekwa kwenye hifadhi ya wazi. Mwanafunzi aliye na kompyuta na intaneti huko Lamu huzipata bure, zile zile anazozisoma profesa wa Harvard. Kinachohitajika ni hisabati, fizikia, na mtu wa kumwambia kwamba zipo.

Basi wewe mwalimu, na wewe mzazi, tarehe 12 Desemba itakapofika tena na bendera zikipepea, mchukue mtoto kando kwa dakika tano. Mwambie kwamba siku kama hii, mwaka 1970, Uhuru ilipaa kutoka Ngomeni, ikawaonyesha walimwengu anga ambalo hakuna jicho lililowahi kuliona. Kisha muulize kama angependa kuendelea pale ilipoishia.